Chumba Kisicho na Kelele

Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mkaratusi uliopigiliwa juu ya visiki viwili, mbele ya kituo cha kupimia majani, mwendo mfupi kutoka soko la Sosiot, na ukikaa upande wa kulia kuna msumari utakaokukumbusha kwamba hukualikwa. Wakulima huteremsha vikapu vyao hapo kuanzia saa saba, kisha wanangoja lori la kiwanda, ambalo huja likijisikia. Wanaongoja kweli hukaa chini ya bati na majani yao. Wanaokuja kubishana hukaa kwenye benchi. Na usishangae ukiwakuta wanakunywa kahawa. Huku ni kwa chai, chai mpaka macho yachoke, lakini mtu aliyechuma tangu alfajiri hataki kuiona tena ndani ya kikombe, na Wanjuhi, yaani Mama Kiarie, aliligundua hilo zamani. Huleta kahawa ya kwao Nyeri, huikaanga na kuitwanga mwenyewe, huileta kwenye birika kubwa jeusi. Birika likiisha, watu wanakumbuka kwamba wana makwao.

Alhamisi hiyo Mzee Alfayo arap Bett aliweka kikapu chake kwenye foleni, akaja na simu mkononi ameishika kwa vidole viwili, vile mtu anavyoshika yai. Macho yake yalikuwa mekundu. Hilo halikuwa jambo geni.

Kwenye benchi aliwakuta wale wawili wasiokosa. Wa kwanza ni Robert, ila hakuna mtu anayemwita Robert. Ni Boila, kwa sababu alichochea boila ya kiwanda cha majani miaka thelathini na moja, na kelele za mle ndani zikamla sikio la kushoto lote. Wa pili ni Kinuthia, muuza mabati na misumari pale sokoni, aliyezaliwa huku huku baba yake alipohamia kutoka Murang'a. Huyo ni Kapteni. Alivuka kivuko cha Likoni mara sita akifuata mabati Mombasa, na tangu hapo bahari ni yake.

— Chamgei, wazee.

— Chamgei mising, alijibu Boila. Umelala?

Kwa watu wengine hiyo ni salamu. Kwa Alfayo lilikuwa swali.

— Kidogo. Wazee, niko na shida. Nataka mnisaidie kuchagua chumba.

— Chumba gani? Kapteni akauliza. Unahama?

— Cha meli.

Wanjuhi aliyekuwa anamimina akasimamisha birika hewani.

— Meli ya maji? Kapteni akajivuta mpaka ukingoni mwa benchi, uso umewaka. Wacha! Meli inaenda wapi?

— Msichana wangu Janeffer ndiye amenilipia. Ni hizi meli za kubeba watu wa kupumzika. Inatoka huko kwao Uingereza, inapita Hispania na wapi sijui, siku saba inarudi.

— Inarudi wapi?

— Pale pale ilitoka.

— Sasa, Boila akasema, sikio zima limeelekezwa kwa Alfayo, mtu anapanda kitu siku saba arudi pale pale? Si hata gari ya Kapsoit inaenda na kurudi?

— Wewe Boila nyamaza kitu hujui, Kapteni akamkata. Huko ni kupumzika. Watu wanapikiwa.

Alfayo akafungua picha. Ilikuwa meli imechanjwa kati kwa kati ukaona tumbo lake: korido ndefu, na huku na huku vijumba vidogo vimebanana ukuta kwa ukuta, kila kimoja na nambari yake. Boila akaichukua simu, akaisogeza mbali na uso, akaisogeza karibu.

— Lakini hizi ni laini! Ala! Alfayo, hizi ni laini kabisa!

Na kweli, zilifanana. Laini ndizo zile nyumba ndefu za mashamba makubwa ya chai, familia kumi chini ya paa moja, jirani akipiga chafya wewe unafuta pua. Alfayo alizaliwa kwenye nyumba ya nne ya laini moja upande ule wa Kericho, na Boila aliishi humo mpaka alipostaafu. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha wazee hawa namna ya kuchagua nyumba ya laini. Ndivyo walivyodhani, hata hivyo.

— Ngojeni msikie mwenyewe, Alfayo akasema, akagusa simu. Sauti ya bintiye ikatoka kwa nguvu.

“Baba, nimezungushia tatu na rangi nyekundu. Kuna ya mbele kabisa, kuna ya katikati, na kuna ya nyuma, mwisho wa korido. Uliza watu vizuri, usikimbilie, lakini saa kumi yenu wanafunga, hakuna kubadilisha. Hiyo ya katikati imepakana na yetu, iko na mlango wa kuingilia kwetu, lakini wajukuu wako watakuua na kelele, na wewe ni mtu wa usingizi mwepesi. Nataka ulale, Baba. Wiki moja tu, ulale.”

Ilikuwa saa tisa kasoro.

Alfayo alipokea simu yake akaipangusa kwa shati. Habari yake kijiji chote kinaijua, au tuseme kinaijua nusu. Chepngeno, mkewe, moshi wa jikoni na nimonia za kurudiarudia zilimmaliza mapafu. Miaka minne alipumua kwa mashine ya oksijeni, sanduku la magurudumu lililonguruma kando ya kitanda, Janeffer ndiye aliyelituma. Stima ikipotea, na huku inapotea mvua ikitajwa tu, mashine hunyamaza, na mtu ana dakika chache za kufungua mtungi wa akiba na kumhamishia mgonjwa bomba. Mtu huyo alikuwa Alfayo. Alilala sikio moja liko macho miaka yote minne. Mashine ikikata pumzi, yeye yuko chini tayari, mkono uko kwenye mtungi, hata kabla ya ile kengele yake ndogo kuanza kulia. Watu walimsifu kanisani, wanawake wakawatazama waume zao.

Halafu Novemba iliyopita stima ikapotea, na Chepngeno akaenda. Kwenye mazishi Janeffer alisimama mbele ya umati akasema kitu kimoja kinachompa nguvu ni kwamba Mama hakuwa peke yake. Baba alikuwa macho, amemshika mkono mpaka mwisho. Ni Alfayo aliyekuwa amemwambia hivyo kwenye simu. Ulikuwa uongo. Miezi ilipopita Janeffer akamwuliza, Baba, mbona hata sasa hulali, shida ni nini, naye akajibu haraka haraka: ni kelele. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huo ndio uliozaa meli.

— Tuanze na ya mbele, Kapteni akasema. Hiyo futa. Hapo ndipo nanga inakaa.

— Nanga ni nini? Wanjuhi akauliza.

— Mama Kiarie, nanga ni chuma ya kufunga meli isiende. Kubwa kama hii stoo. Iko na mnyororo. Sasa saa kumi na moja asubuhi, wewe uko kwa usingizi ile ya kutoa mate, wanaachilia: garararara! Unaamka ukifikiria ni siku ya mwisho.

— Uliiona wapi? Boila akauliza. Likoni?

— Likoni nilionyeshwa. Na si hiyo tu. Mbele ndiyo inapiga mawimbi. Hii meli ni bati, ama si bati? Mimi nauza bati. Hata uniambie ni geji ngapi, bati ni bati. Wewe unajua mvua ikinyesha juu ya paa vile hata redio husikii. Sasa hiyo ni mvua ya kutoka ubavuni, usiku kucha, na iko na chumvi.

Boila akatikisa kichwa. Hapo alikubali, jambo ambalo ni nadra.

— Mbele tumefuta, akasema. Sasa tujue jikoni iko wapi.

— Eeh, hapo umesema, Wanjuhi akadakia. Mtu wa kupika haamki na wewe. Anaamka saa tisa usiku. Na sufuria ya watu elfu mbili haibebwi, inaburutwa. Baba Janeffer, angalia juu ya kila chumba kuna nini. Usilale chini ya sufuria.

Walitafuta jikoni kwenye ile picha kwa dakika kumi. Walipata mahali pa kuogelea, mahali pa kucheza ngoma, mahali pa kunyolewa. Jikoni hawakupaona.

— Wameficha, Kapteni akasema kwa sauti ya chini. Wanajua.

— Na hii ya katikati? Alfayo akauliza. Aliuliza kama mtu asiyejali, akitazama upande wa lori.

Wote wakamrukia.

— Katikati! Na mlango!

— Mlango wa kuingiliana ni karatasi, Alfayo! Kwa laini ulisahau? Ule ukuta wa mbao kati yetu na kina Jairus? Nilikuwa najua Jairus ameota nini!

— Na watoto, Wanjuhi akaongeza, lakini polepole. Watoto wa siku hizi hawalali.

— Watoto wakikohoa unasikia, Boila akaendelea, akihesabu kwa vidole. Wakienda choo unasikia. Janeffer akikoroma unasikia.

— Janeffer anakoroma? Kapteni akauliza.

— Mama yake alikuwa anakoroma, Boila akasema. Halafu akanywa kahawa.

Alfayo alikijua chumba anachokitaka tangu Jumatatu picha ilipofika. Alikitaka hicho hicho chenye mlango wa karatasi, watoto wakohoe upande wa pili, wagombane, waangushe vitu, na Janeffer akorome kama mamake, na yeye alale kitandani asikie kwamba kuna mtu anavuta pumzi. Lakini mtu anayeamshwa na kelele haombi alazwe mlangoni pa watoto watatu. Janeffer angeuliza kwa nini. Na Janeffer akianza kuuliza haachi mpaka afike mwisho wa kamba, na mwisho wa kamba hiyo kuna kitu ambacho Alfayo alikuwa ameapa afe nacho.

— Basi tunabaki na ya nyuma, Kapteni akasema. Na hapo ndipo injini iko, kwa hivyo hiyo pia futa. Mzee hana mahali pa kulala. Mwambie msichana arudishe tu.

— Hapo sasa umeingia kwangu, Boila akasema, akavuta suruali magotini. Ongea bahari, mimi ninyamaze. Ongea injini, nyamaza wewe. Injini iko chini kabisa. Hiki chumba kiko ghorofa ya ngapi? Hesabu. Moja, mbili... saba. Ghorofa saba juu ya injini! Huko haufikiwi na kelele, unafikiwa na mtetemo, na mtetemo ni mzuri kwa mgongo.

— Na kama kelele inapita kwa ukuta? Kapteni akauliza.

— Aende na gunia mbili za majani mabichi. Usicheke! Nani ameshawahi kusimama kule ndani wanakokaushia majani, kabla feni hazijawashwa? Majani yanameza sauti. Unaongea na mtu hapa, hakusikii. Apange magunia kwa ukuta, amwagie maji kidogo jioni, siku saba hayajaoza.

— Wazungu watamkamata, Kapteni akasema. Watasema ni bangi.

— Basi abebe kilo tano tu.

— Kwanza hiyo injini usiku wanazima, Kapteni akasema, maana alikuwa amekaa kimya muda mrefu kuliko anavyoweza. Wakishaona giza imeingia wanatafuta jiwe kubwa chini ya maji, wanafunga meli hapo, kapteni analala. Nani anaendesha kitu kama hiyo bila taa ya barabara? Usiku ni kimya, haki ya Mungu. Unasikia tu samaki.

— Wakizima injini, Boila akasema, hakuna mtu atalala kwa hiyo meli.

— Kwa nini sasa?

— Wewe huelewi watu wa mashine. Mimi miaka thelathini na moja nimelala kando ya boila. Zamu ya usiku, kuni zimejaa, naweka kichwa juu ya gunia hivi. Inanguruma kama nini, na nimelala kama mtoto. Unajua nini ilikuwa inaniamsha? Ikinyamaza. Moto ukianguka, presha ikishuka, ile sauti ikikatika tu, niko juu na koleo. Mtu wa mashine haamshwi na kelele, Kapteni. Anaamshwa na kimya.

Alisema hivyo kwa Kapteni, kumshinda Kapteni, wala hakumtazama Alfayo. Lakini Alfayo aliweka kikombe chini, kikapinduka kwenye nyasi, akakisimamisha tena.

Wanjuhi aliona. Wanjuhi ndiye peke yake duniani anayejua ile nusu nyingine, na hata yeye aliipata bila kupewa. Wiki ile ya Novemba Janeffer alimwambia baba yake kwenye simu: Baba, utaanguka. Nunua zile tembe za mafua, zile ndogo za manjano zinazoleta usingizi, kunywa mbili, ulale usiku mmoja tu. Ni nesi, anajua. Alfayo alizinunua kwa duka la dawa pale sokoni, akapita hapa hapa kwenye benchi, akampa Wanjuhi karatasi yake amsomee kwa sababu maandishi yalikuwa madogo. Wanjuhi akamsomea. Akamwambia, kunywa tu, Baba Janeffer, hata wewe ni mtu.

Akanywa. Akalala. Na alilala vizuri, hilo ndilo linalomtia wazimu, hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule tangu ujana wake. Stima ilipotea saa ngapi hajui. Kengele ya mashine ililia mpaka betri yake ikaisha, na jirani aliyeisikia alifikiri ni simu ya mtu. Alipofungua macho kulikuwa kumekucha, jogoo wamemaliza, jua liko kwenye pazia, na chumba kilikuwa kimya. Mtungi ulikuwa pale pale kando ya mkono wake, umejaa.

Kesho yake Wanjuhi alikuja kwenye matanga na sukari kilo mbili. Aliona karatasi ya tembe dirishani, mbili hazipo. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Hakuwahi kumwuliza na hakuwahi kumwambia mtu, na tangu siku hiyo hamdai Alfayo kahawa.

— Basi imeisha, Boila akatangaza. Ya nyuma. Mwisho wa korido. Wazee, kwa laini tulikuwa tunapigania nyumba gani?

— Ya mwisho, Alfayo akajibu, kwa sababu alitazamwa.

— Ya mwisho! Jirani ni mmoja tu, ukuta wa pili ni hewa. Mtu alikuwa anatoa mbuzi kwa nyapara apewe nyumba ya mwisho. Sasa wewe unapewa bure, na juu yako hakuna mtu, na chini yako hakuna mtu. Hapo ni kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

— Na samaki, Kapteni akasema.

— Na samaki.

Wakacheka. Hata Alfayo akatoa kitu kama kicheko.

Wakati huo Obiero alikuwa amesimama nyuma yao. Ni karani mpya wa mizani, wiki ya pili tu tangu aletwe kutoka upande wa Ahero, kijana wa adabu, akiongea na mzee anatoa kofia. Lori lilikuwa limechelewa, hakuwa na la kufanya, alisogea kusikiliza. Hakuna aliyemsimulia habari za mtu yeyote bado. Aliwajua wakulima kwa nambari zao.

— Samahani wazee wangu, akasema. Nimesikia tu nikipita, mniwie radhi. Mzee, hongera kwa safari. Lakini sasa naomba kuuliza. Huko kwako nyumbani, usiku, ni kelele gani inakuamsha?

— Kelele tu, Kapteni akamjibu kwa niaba. Kijana, mzee ana usingizi mwepesi.

— Ndiyo, nimeelewa. Lakini ya nini? Nauliza kwa sababu ukijua ile inakuamsha kwako, utajua chumba cha kukwepa.

Lilikuwa swali la maana. Kapteni mwenyewe akatikisa kichwa kuonyesha amelipokea.

— Si ni ng'ombe? akasema. Ng'ombe wake wanalia sana.

— Ng'ombe alipelekea ndugu yake Januari, Boila akasema. Hana hata mmoja.

— Basi mbwa.

— Yule mbwa alikufa kabla ya... Alikufa kitambo.

— Basi ni barabara. Bodaboda.

— Barabara gani, Kapteni? Kwake hata bodaboda inakuacha kwa daraja, unatembea.

— Jirani je?

— Wamehamia Londiani.

— Feni za kiwanda?

— Kiwanda kiko ng'ambo ya mlima.

— Basi kuna ile mashi...

Kapteni akafunga mdomo. Ile mashine imesimama kwenye kona ya chumba, imefunikwa kwa kitambaa cheupe alichoshona Chepngeno mwenyewe, plagi imechomolewa. Kila mtu aliyeingia nyumba ile ameiona.

Kapteni akamtazama Boila, Boila akatazama viatu vyake. Ungeona lile neno la kimya alilolisema dakika kumi zilizopita likimrudia, polepole, kutoka upande wa sikio zima. Midomo yake ilifunguka kidogo. Obiero alisimama na kofia mkononi, akisubiri, hajui alichokanyaga.

— Obiero, angalia lori, Wanjuhi akasema.

— Halijafika, mama.

— Angalia tu.

Simu ya Alfayo ikalia. Yeye huongea kwa spika siku zote, ndivyo Janeffer alivyomfundisha, na hakukumbuka kuitoa.

— Baba, wanafunga sasa. Umechagua?

— Nimechagua.

— Ipi?

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa anapiga kelele, mwingine anacheka, kitu kikaanguka kikabiringika sakafuni. Alfayo akaisogeza simu karibu na uso.

— Janeffer.

— Ee, Baba.

— Hiyo ya katikati. Je, mtu akichukua...

— Wacha! Baba, hapana! Si unawasikia hawa? Na si wewe uliniambia ni kelele inakumaliza? Sauti yake ikapungua, kama ametoka nje ya chumba. Baba, nikuambie ukweli. Hata mimi silali. Kitu kinaniwezesha kuamka niende kazini ni kujua ulikuwa macho na Mama. Kama angeenda peke yake, na mimi niko huku nahudumia mama za watu, sijui ningekuwaje. Ulikesha miaka minne, Baba. Sasa ni zamu yako. Nikijua umelala, na mimi nitalala.

Benchi zima lilisikia. Boila naye alisikia, alikuwa ameegemeza sikio.

Alfayo alimtazama Wanjuhi. Yeye alikuwa ameshika aproni yake mahali pale penye mfuko, macho yamejaa, na alitikisa kichwa kidogo sana. Kama alikuwa anamwambia aseme au asiseme, Alfayo hakujua, na hakuwa na muda.

— Basi andika ya nyuma, akasema. Ya mwisho.

— Ile ya kimya?

— Hiyo ya kimya.

— Asante, Baba. Kisha wakamsikia akilia, kilio kile cha mtu aliyetua mzigo. Asante. Sasa utalala.

— Nitalala.

Simu ikakatika. Alfayo aliitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko, akaweka mikono magotini. Kwa mbali lori lilianza kusikika likipanda mlima, na watu chini ya bati wakainuka na kuvuta vikapu vyao. Obiero alivaa kofia, akasimama hapo akitazama mmoja mmoja, kisha akaondoka taratibu kwenda kwenye mizani.

Kapteni hawezi kuvumilia kimya, hajaumbwa hivyo. Akasema:

— Kwa kweli umechagua vizuri, mzee. Hapo hakuna kitu itakuamsha.

Boila alimpiga kiwiko kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika.

Wanjuhi alikuja na birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Alfayo. Halikutoa kitu. Akaendelea kuliinamisha.